Nani Ashike Mfuko? Habari za Bajeti ya Katanga katika Miaka ya Shida

Mzazi wa Lubumbashi aliyekuwa na mtoto katika shule ya msingi kati ya mwaka 1993 na mwaka 2019 aliijaza bajeti ya Serikali kwa mkono wake mwenyewe, labda bila kujua. Kila mara alitoa primu, yaani fedha za kumtunza mwalimu ambaye mshahara wake wa Serikali haukufika, au ulifika ukiwa mdogo hata usitoshe gunia la unga. Mpango huo ulipatanwa baada ya migomo mirefu ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shule zetu za Kikatoliki, zinazoendeshwa kwa mapatano na Serikali tangu mwaka 1977, zilidumu wazi kwa fedha hizo za wazazi. Mtoto wa mjane aliyekosa primu alirudishwa nyumbani. Hivyo tukisema habari za bajeti, wasomaji wetu wasidhani twasimulia mambo ya mbali.

Bajeti ni neno la maofisini, lakini maana yake kila mama wa nyumba anaijua. Ni kuandika, kabla ya mwaka kuanza, kitu gani kitaingia na kitu gani kitatoka. Mwaka wa mavuno mengi kazi hiyo haina ugomvi. Mwaka wa njaa ndipo mume na mke huketi chini na kutazamana. Nchi ya Katanga, yenye shaba nyingi kama hii, imepita miaka ya njaa mara nyingi, na kila mara pande mbili zilitakiwa kuketi pamoja ili kuandika hesabu moja. Twataka kusimulia jinsi zilivyoketi, na kwa nini ziliinuka bila kupatana. Wengi hudhani ziligombana juu ya kiasi: wewe ngapi, mimi ngapi. Sisi tumeyatazama mambo hayo tangu zamani za Wabelgiji, na twaona kwamba kiasi hakikuwa taabu kubwa. Kilipatikana mara mbili, tena kikaandikwa wazi. Taabu ilikuwa hii: fedha ziingie kwanza mkononi mwa nani?

Tuanze na njaa ya kwanza. Sheria ya mwaka 1908, iliyoifanya Kongo kuwa koloni la Ubelgiji, ilisema kwamba mali ya Kongo na mali ya Ubelgiji ni mbali mbali, na kwamba bajeti ya koloni itathibitishwa kila mwaka na Bunge la Bruxelles. Lakini Katanga ilikuwa na mkuu wake hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, naye alikuwa na cheo cha Makamu wa Gavana Mkuu. Mambo mengi yaliamriwa hapa hapa. Mwaka 1929 shaba iliuzwa Marekani kwa senti 18 hivi kwa ratili. Mwaka 1932 haikufika senti 6. Kampuni ya Union Minière, iliyotoa tani 139,000 hivi mwaka 1930, ilishuka mpaka tani 54,000 hivi mwaka 1932. Wafanyakazi kwa maelfu walirudishwa vijijini kwao, wengine mpaka Ruanda na Urundi walikoandikwa. Tanuru zikapoa, na sanduku la Bulamatari likapoa pamoja nazo.

Mkono mtupu haulambwi. Bulamatari alitafuta fedha mahali patatu. Kwanza vijijini, ambako kodi ya kichwa iliendelea kudaiwa ingawa bei ya mazao ilikuwa imeanguka. Kule Kwango Wapende waliasi mwaka 1931, na kodi ilikuwa moja ya sababu zao. Pili Ubelgiji yenyewe, iliyolazimika kulisaidia koloni ingawa sheria ilitenga mali hizo mbili. Mahali pa tatu patawashangaza wasomaji: ni mchezo wa bahati nasibu. Mwaka 1934 ilianzishwa Loterie Coloniale, na watu wa Bruxelles na Antwerpen wakanunua tikiti wakitumaini utajiri, kumbe walikuwa wakiziba tundu la bajeti ya Kongo. Bahati nasibu ya taifa la Ubelgiji ilitokana na mchezo huo.

Lakini jambo lililobaki moyoni mwa watu wa Katanga ni lingine. Mwaka 1933, kwa kusudi la kupunguza gharama na kuunganisha utawala, cheo cha Makamu wa Gavana Mkuu kiliondolewa. Majimbo yakawa sita badala ya manne, na Katanga ikawa jimbo kama mengine, tena bila jina lake, maana iliitwa Jimbo la Élisabethville. Tangu hapo mfuko ulikuwa Léopoldville. Wazungu wa hapa walinung'unika miaka na miaka kwamba wao wanalisha ng'ombe na wengine wanakamua. Mwafrika, aliyechimba shaba yenyewe, hakuulizwa neno. Manung'uniko hayo ya Wazungu yalihifadhiwa kama kaa la moto chini ya majivu, na baadaye yalishikwa na mikono mingine.

Tufike mwaka 1960. Mwezi wa Mei watu wa Katanga walichagua Baraza la Jimbo lenye viti 60. Chama cha Conakat cha Bwana Moïse Tshombe kilipata viti 25. Kundi la Balubakat la Bwana Jason Sendwe lilikifuata karibu sana. Vyama viwili vinapokaribiana hivi, akili yasema vikae pamoja. Sheria nayo ilisema hivyo kwa namna yake: ilidai theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Wajumbe wa Balubakat walitoka nje ili baraza lishindwe kuendelea, wakitaka sehemu yao. Basi mwezi wa Juni, siku chache kabla ya Uhuru, Bunge la Ubelgiji liliibadili sheria hiyo ili baraza lifanye kazi bila wao. Ilikuwa njia ya mkato. Conakat ilipata serikali, na nusu ya Katanga, hasa kaskazini, ilipata sababu ya kutoitambua. Kabla hata ya kugombana na Léopoldville juu ya mfuko, Katanga ilikuwa imekwisha kugombana yenyewe kwa yenyewe.

Tarehe 11 Julai 1960 Bwana Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tangu hapo Union Minière ililipa kodi zake Élisabethville. Shaba haikupungua sana. Mwaka 1961 na mwaka 1962 kampuni ilitoa karibu tani 300,000 kila mwaka. Katanga ikapata benki yake, na sarafu zenye msalaba wa shaba wa mababu. Kule Léopoldville, Serikali Kuu ilibaki na watumishi wote, askari wote na deni lote, lakini bila chemchemi yake kubwa ya mapato. Ikachapa noti. Bei sokoni zikapanda, na mshahara wa karani ukawa kama maji kiganjani. Huku nako fedha hazikulala: zililipa vita vya kaskazini na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya na Afrika ya Kusini. Tusisahau hilo tunaposikia wazee wakisifu utajiri wa miaka ile.

Mwezi wa Desemba 1961, kule Kitona karibu na bahari, Bwana Tshombe alikutana na Bwana Cyrille Adoula, Waziri Mkuu wa Kongo, mbele ya Bwana Ralph Bunche wa Umoja wa Mataifa. Walipatana juu ya umoja wa nchi. Walipoanza tena mazungumzo Léopoldville mwaka 1962, miezi ilipita na neno halikuisha. Ndipo mwezi wa Agosti Bwana U Thant, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alileta mpango wake. Twaomba wasomaji wausome polepole, maana humo mlikuwa na bajeti ya pande mbili iliyoandikwa kwa maneno machache sana.

Katiba ya shirikisho itatungwa, na ndani yake mapato yatagawanywa. Wakati wa kuingojea, kodi na ushuru wa Katanga utagawanywa nusu kwa nusu, Serikali Kuu na Katanga. Fedha za kigeni zinazopatikana kwa kuuza shaba zitapelekwa zote katika chombo cha fedha cha taifa, nacho kitairudishia Katanga walau nusu ya zile ilizozalisha, kwa mahitaji yake ya lazima. Noti zitakuwa za namna moja nchi nzima.

Nusu kwa nusu! Mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya hesabu hiyo. Bwana Adoula alikubali. Bwana Tshombe naye alisema anakubali. Kwa nini basi haikufanyika? Angalieni lile neno katika habari ya fedha za kigeni: zitapelekwa zote, kisha nusu itarudi. Bwana Tshombe aliogopa kwamba zikienda hazitarudi, maana serikali inayochapa noti ina njaa, na mwenye njaa hatunzi chakula cha mwenzake. Bwana Adoula aliogopa kwamba zikibaki kusini, hata kwa siku chache, zitanunua bunduki. Twaona kila mmoja alikuwa na sababu ya kweli ya hofu yake. Wa tatu wa kuushika mfuko hakupatikana. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kupigana na askari wa Katanga mara mbili mwaka 1961, hivyo Élisabethville haikuuona kama mwamuzi. Mpango ukakaa mezani mpaka majani ya masika yakaota. Mwishoni mwa Desemba 1962 mapigano yalianza tena, na tarehe 14 Januari 1963 Bwana Tshombe, akiwa Kolwezi, alitangaza mwisho wa kujitenga. Suala la nusu kwa nusu lilimalizwa kwa mizinga.

Historia ina mzaha wake. Mwezi wa Julai 1964 Bwana Tshombe huyo huyo alifanywa Waziri Mkuu wa Kongo nzima. Aliyeuzuia mfuko sasa aliutafuta. Sanduku la Serikali lilikuwa tupu, mashariki kulikuwa na vita, na franka ilikuwa imekwisha kupunguzwa thamani mwezi wa Novemba 1963 hata dola moja iliuzwa kwa franka 180. Akaenda Bruxelles kudai hisa za Kongo katika makampuni makubwa, kwa kuwa Wabelgiji walikuwa wamelivunja shirika la Comité Spécial du Katanga siku chache kabla ya Uhuru, na ugomvi juu ya hisa na madeni haukuwa umekwisha. Mwezi wa Februari 1965 alitia sahihi mapatano, akarudi Léopoldville na hati za hisa ndani ya mkoba, akauonyesha mkoba huo kwa watu kama mwindaji aonyeshavyo nyama. Hatujui picha nyingine ya siasa ya Kongo inayosema wazi zaidi kwamba wote waliamini jambo moja: mali ni ya yule anayeushika mkoba.

Miaka ya Mobutu tutaipita upesi. Tangu mwanzo wa mwaka 1967 mali ya Union Minière hapa nchini ilikuwa ya Serikali, na kampuni mpya, ambayo sote tunaijua kwa jina la Gécamines, ikawa ndiyo mfuko. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hapakuwa na wa kubishana naye juu ya bajeti. Hiyo haikusaidia. Mwezi wa Aprili 1974 bei ya shaba ilikuwa juu kuliko wakati wowote uliotangulia; kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu, na mwaka 1975 nchi ilishindwa kulipa madeni yake. Gécamines ilikamuliwa miaka kumi na mitano zaidi bila kulishwa. Kampuni iliyotoa tani zaidi ya 470,000 mwaka 1986 ilitoa tani 30,000 hivi mwaka 1994.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 pande zilikuwa mbili tena, lakini kwa namna mbaya kabisa. Rais alileta noti ya zaire milioni tano. Bwana Étienne Tshisekedi, Waziri Mkuu, alisema hiyo si fedha. Askari waliolipwa kwa noti hiyo walikataliwa madukani, wakageuka na kupora mji wa Kinshasa. Hapa kwetu katika miaka hiyo kazi zilikuwa chache, na watu wakaanza kuzigawa kwa kabila: jirani zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa, walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni wakingojea garimoshi. Katika miaka hiyo ndipo primu ya shule ilipozaliwa. Serikali haikuandika bajeti iliyoaminiwa na mtu yeyote, na bajeti ikahamia katika kitambaa cha mama, penye fundo la fedha ya soko.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilitaka kuumaliza ugomvi huu. Kifungu cha 175 kinasema kwamba katika mapato ya taifa sehemu ya majimbo ni asilimia 40, nayo inakatwa pale pale chanzoni. Kifungu cha 181 kiliweka asilimia 10 ya mapato ya taifa katika hazina ya kusawazisha, ili majimbo maskini yasiachwe nyuma. Kiasi, basi, kilipatikana mara ya pili. Na tazama: safari hii watungaji waliandika pia nani ashike kwanza, maana kukata chanzoni ni kusema kwamba jimbo linabakiza 40 zake, kisha linapeleka zilizobaki.

Haikufanyika hivyo. Serikali ya Kinshasa ilidai fedha zote zije kwanza, kisha itazirudisha, na urudishaji huo ulipata jina ambalo hata wauza makaa walilijua: retrosesio. Kilichorudi kilikuwa kidogo kuliko 40 kwa mbali sana, na Kinshasa ilijitetea kwamba mishahara ya walimu na wauguzi inayoilipa yenyewe ihesabiwe ndani ya sehemu hiyo ya majimbo. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mwalimu lazima alipwe na mtu. Lakini jimbo haliwezi kutunga bajeti yake kwa fedha ambayo haijui itarudi lini wala ngapi.

Hapo ndipo njaa ya mwaka 2008 ilipotukuta. Mwezi wa Julai tani moja ya shaba iliuzwa karibu dola 8,900. Mwezi wa Desemba haikufika dola 3,000. Makampuni madogo yalifunga milango moja baada ya jingine, wachimbaji wa mikono wakaacha mashimo, na lori za madini zikapungua barabarani. Kinshasa ikakimbilia Shirika la Fedha la Dunia, lililotoa mkopo wa dola milioni 195.5 mwezi wa Machi 2009. Na wasomaji wakumbuke kwamba safari hii pande mbili hazikuwa za vyama vinavyochukiana. Gavana Moïse Katumbi, Spika wa Baraza la Jimbo Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na Serikali Kuu walikuwa wote upande wa Rais Joseph Kabila, mtu ambaye ukoo wa baba yake ni wa Katanga. Walikuwa nyumba moja. Hata hivyo Lubumbashi ililalamika juu ya 40, na Kinshasa haikuufungua mkono. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba undugu wa chama watosha kuleta bajeti ya haki.

Majirani zetu wa Kenya walijaribiwa na jambo kama hili mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipokausha mapato. Katiba yao ya mwaka 2010 yazipa kaunti walau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini Seneti ilishindwa mara nyingi kupatana juu ya namna ya kuzigawanya fedha hizo baina ya kaunti 47. Kamati ya maseneta 12 wa pande zote iliundwa. Mwezi wa Septemba walipatana, kwa sababu jumla ya fedha iliahidiwa kupanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka uliofuata, hata pasiwe na kaunti ya kupoteza. Ni sifa kwao. Lakini huko pia magavana wamelalamika mara kwa mara kwamba Hazina ya Nairobi inachelewesha fedha zilizokwisha kupitishwa. Kiasi walikipata, mfuko ukabaki mfuko.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mgawanyo huo ulikuwa umo tayari katika Katiba, lakini ulikuja katika mwaka mbaya. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kwa sababu ya bei, kampuni ya Glencore ilisimamisha uchimbaji wake mkubwa wa Kolwezi. Lualaba ilizaliwa na migodi iliyolala, Haut-Katanga ilibaki na mji mkubwa na sehemu tu ya migodi, na Haut-Lomami na Tanganyika zilipata njaa bila migodi mikubwa ya shaba.

Jambo moja lilibadilika mwezi wa Machi 2018, nalo halikupigiwa ngoma, ingawa twadhani ni kubwa kuliko hotuba nyingi. Sheria mpya ya madini ilisema kwamba mrabaha wa mgodi usipite tena wote mikononi mwa Kinshasa. Kampuni yenyewe inagawanya: asilimia 50 kwa Serikali Kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa komini, sekta au usultani ulipo mgodi huo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kila sehemu yaingia katika akaunti ya mwenyewe. Sheria ya zamani ya mwaka 2002 nayo iliwapa jimbo 25 na wenyeji 15, kwa maandishi, lakini fedha zilianzia Kinshasa. Hesabu za jimbo na za wenyeji zilibaki zile zile. Njia ya fedha ndiyo iliyobadilishwa.

Primu ya shule ya msingi ilifutwa kwa amri ya Serikali mwezi wa Septemba 2019, na mshahara wa mwalimu ukarudi kuwa mzigo wa bajeti ya Kinshasa. Kifungu cha 175 hakikufutwa. Na mwezi wa Desemba 2023 watu wa Lubumbashi, pamoja na kumchagua Rais na wabunge, walichagua pia washauri wa komini zao, wale wanaopaswa kuketi kila mwaka, wa vyama vyote, na kuipigia kura bajeti ya komini: Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Lubumbashi na Annexe.